Kifua Chako Kina Mwenyewe

Kiberiti kilitikisika gizani, cha-cha-cha, halafu kikarudishwa mezani. Hakikuwashwa.

Severa alilala akiutazama ukuta, masikio ameyatega. Miaka yote ya ndoa yao Isidori aliianza alfajiri kwa njiti, sigara, na kikohozi kilichomwamsha mtoto kabla jogoo wa jirani hajawika. Sasa wiki ya tatu hajawasha. Alikuwa akipumua taratibu, kama kijana.

Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu. Severa aliuma shuka.

"Umeamka?" mumewe akauliza.

"Bado."

Alimwomba aache tangu Euphrasia yuko tumboni. Alimwomba kwa upole, akamwomba kwa machozi. Isidori alicheka tu. "Umefungua redio yako tena? Baba yangu kule Kibosho alivuta kiko mpaka siku tunamzika." Maneno yote yale hayakuzima hata sigara moja. Kilichozizima ni mistari michache ya wino wa buluu nyuma ya pakiti.

Pakiti zenyewe Isidori aliziacha mezani bila wasiwasi. Siku ya ndoa mkewe alitia dole gumba kwenye cheti, na kwake habari ikaishia hapo. Hakujua kwamba lile darasa la ushonaji ambalo mkewe aliaga kwenda kila alasiri, pale shule ya msingi, halikuwa na sindano hata moja. Severa alikuwa akingoja amalize masomo, ndipo amshangaze.

Kulipokucha, mume akiwa anaoga uani, alisimama mbele ya pakiti ya jana akaisoma, midomo ikicheza: *Kifua chako kina mwenyewe. Usikichome.*

Pakiti za nyuma alizitunza Isidori ndani ya sanduku la bati, juu ya suti yake ya harusi. Siku hizi shati alilipiga pasi mwenyewe. Alitoka akipiga mluzi kwenda sokoni Kariakoo, kwenye magunia yake ya vitunguu, na badala ya kunyoosha njia akazunguka kona, apite dukani ambako Siwema huuza sigara na mafuta ya taa.

Baadaye Severa naye akaenda dukani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alimtazama yule binti vidole, akamtazama shingo, akatazama lile pengo dogo la meno. Alitafuta kasoro akaikosa, na hilo likamuuma zaidi. "Baba Frasia anapita hapa?"

"Kila siku! Jana kaniachia embe. Ati, 'Asante kwa maneno yako.' Maneno gani, dada? Mimi nimemwambia tu chenji hakuna."

"Hujui?"

"Haki ya Mungu."

Severa alichukua mche wake wa sabuni akaondoka. Embe! Yeye hajaletewa embe tangu Euphrasia aote meno.

Alasiri ile, darasani, Mwalimu Evarista alikuja tena na ile pakiti ya ng'ambo aliyopewa na baharia. Ubavuni ilipigwa chapa onyo kwamba kuvuta kunadhuru afya.

"Wenzetu wanaandika kwenye pakiti yenyewe," mwalimu alisema. "Je, mvutaji akisoma ataacha?"

"Mvutaji hasomi pakiti, mwalimu," akadakia Kuruthumu, muuza vitumbua. "Anaifungua!"

Darasa zima likacheka.

"Severa, wewe unasemaje?"

Severa hakucheka. "Inategemea anadhani nani kaandika," akasema, akakaa.

Magharibi alimkuta mumewe amekwisha rudi. Chumba chao cha kupanga, Mtaa wa Mchikichi, kilinukia marashi.

"Frasia!" Isidori aliita. "Kimbia kwa Siwema ukaniletee pakiti."

"Si umeacha?" Severa aliuliza, mwiko mkononi.

"Nimeacha. Sivuti tena."

"Sasa pakiti ya nini?"

Isidori alitabasamu, lakini si kwake. Alilitabasamia dirisha. "Wewe hutaelewa, mke wangu. Hayo ni mambo ya watu waliosoma." Akakaza mkanda. "Chakula changu nifunikie. Leo natoka. Kuna mtu nataka nikamshukuru ana kwa ana, na huenda nikachelewa."

Severa alitoka uani, akainama kwenye jiko la mkaa, akapuliza mpaka macho yakatoka machozi. Sufuria haikuwa na haja ya moto zaidi.

Euphrasia akarudi akitweta. Alipitia uani kwanza, kama kawaida yake, akanyoosha mkono wenye pakiti.

"Mpelekee baba yako," alisema Severa bila kugeuka.

Mtoto alisita.

"Mpelekee, nimesema."

Ndani, Isidori aliipokea pakiti kwa mikono miwili, akaigeuza. Nyuma palikuwa patupu. Akatazama mbele, akatazama ubavuni, akafungua na kuchungulia hata chini ya karatasi ya fedha.

"Siwema hajakupa kitu kingine?"

Euphrasia akatikisa kichwa.

"Hajakuambia neno?"

"Amesema nisikimbie, nitaanguka."

Isidori alikaa kitandani taratibu, shati lake la pasi likajikunja. Severa alikuwa amesimama mlangoni, mwiko bado mkononi, akimwona mumewe anavyoomboleza kwa ajili ya mistari miwili ya wino.

Mtoto akamhurumia baba yake. Akaichukua ile pakiti, akaigeuza huku na huku, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, leo hujaandika."