Mwenye Nyumba Hajala

"Weusi huo mnaouona kifuani mwa sanamu ya Buddha," mwongoza watalii alisema kwenye kipaza sauti chake, "ni masizi ya washamba waliohamia mapango haya ya Datong wakayageuza jiko. Kesho mafundi wanayasugua yote."

Watalii wakaguna. Bi Ruolan, mwenye miaka sabini na sita, hakuguna. Aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, akavuka kamba.

"Bibi! Huko marufuku!"

"Marufuku kwa nani? Mimi nimezaliwa humu, binti. Mshamba unayemsema ni mama yangu."

Alipapasa goti la jiwe la Buddha mpaka vidole vikakiona kile kishimo, laini kama tumbo la kijiko. Bakuli ndilo lililokichimba. Kila asubuhi mama yake aliweka hapo uji wa mtama wa kwanza kuiva, na baba aliponuna kwa njaa aliambiwa atulie, mwenye nyumba hajala.

Bi Ruolan akatoa mkate wa mvuke mkobani, akaumega, akaweka kipande kishimoni. Kisha akaketi na kuegemeza mgongo kwenye masizi, akiwa na koti lake jipya jeupe.

"Bibi, ondoka. Naita walinzi!"

"Waite. Waje na hao mafundi wako, na ndoo zao na brashi zao. Wa kunitoa humu ni mwenye nyumba peke yake, na sasa hivi anakula."