Ahmedabad Haina Bahari

"Inama, Anko, tao la kichochoro hiki ni fupi," Thadei alisema, na mzee Pradip, kipofu, aliyelala kitandani mwake Queensbury, nchi ya Waingereza, akakiinamisha kichwa juu ya mto.

"Nimepita?"

"Umepita. Sasa shika ukuta. Wa mawe huo, una ubaridi."

Mzee akanyoosha mkono, akaupapasa ukuta wa chumba, ule wa upande wa reli. "Kweli," akasema. "Una ubaridi."

Safari ya kweli aliipanga Kalpana, bintiye, iwe zawadi ya miaka themanini: siku nzima katika mji mkongwe wa Ahmedabad, gari lao peke yao na mwongozaji wao peke yao, baba akakanyage alikozaliwa. Macho yalikuwa yameshaondoka na kisukari, lakini mzee alisema mji ule atauona kwa miguu. Kisha figo zikagoma. Jumatatu daktari alikuja, akasema imebaki labda wiki moja.

"Wiki moja," mzee alicheka. "Hiyo naijua mimi. Ni ndefu sana."

Akamgeukia Thadei, aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumlisha. "Watu wa ndege wamenikataza. Basi utanitembeza wewe. Nifikishe nyumbani tu, sitaki kingine."

Walizungumza Kiingereza. "Baba anajua Kigujarati na Kiingereza, basi," Kalpana alimwambia Thadei siku ya kwanza. Thadei ni mtu wa Songea. Mkewe akimpigia simu, wakizungumza Kiswahili, alizoea kutoka hadi koridoni asimsumbue mgonjwa, mpaka mzee alipomzuia. "Zungumza hapahapa. Mimi sauti tu inanitosha."

Sasa Ahmedabad angeitoa wapi? India yote hajaikanyaga. Mji mkongwe alioujua ni mmoja, Unguja, alikokuwa papasi miaka minne, kazi ya kuwadaka watalii bandarini na kuwazungusha vichochoroni kwa maneno mengi kuliko ukweli. Basi akauchukua mji ule, akaubandika jina la mwingine. Moyo ulimsuta. Mtu anakufa, anakuomba kwao, nawe unampa kwa watu.

"Huu mlango wa tajiri," aliendelea. "Umejaa misumari ya shaba. Ni kwa ajili ya tembo, wasije wakausukuma."

"Umemwona tembo hapa?"

"Hata mmoja, Anko."

"Basi misumari inafanya kazi." Mzee akacheka mpaka akakohoa, na Thadei akamfuta mdomo.

Wakalipita duka la sonara. Wakampita muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake. Thadei alikuwa amenoga, ulimi ukamteleza: "Na huo upepo wa bahari, unausikia?"

Kalpana alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. "Thadei," akasema polepole, "Ahmedabad haina bahari."

Thadei akangoja kufukuzwa.

"Wewe umeshafika?" mzee akamuuliza bintiye.

"Hukuwahi kutupeleka, Baba. Kila mwaka ulisema mwakani."

"Basi mwache. Anayetembezwa ni mimi."

Kalpana akaiweka trei chini. Pumzi za mzee zilikuwa zimeanza kukatikakatika. Mara akamshika Thadei mkono, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo juzi wala jana.

"Pale kwa sonara tulikunja wapi?"

"Kushoto, Anko."

"Umepotea. Rudi. Ni kulia. Halafu hesabu milango, wa tatu."

Thadei akarudi kwa sonara, akakunja kulia, akahesabu kwa sauti, wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Tumefika."

"Dirisha la juu liko wazi?"

"Liko wazi."

"Kuna mtu?"

Thadei akamtazama Kalpana. Kalpana, machozi yakimtoka, akamwonyesha kwa kidole picha ukutani, ya marehemu mama yake Pradip uzeeni, yenye shada la maua, na Thadei akaelewa.

"Yupo mama mtu mzima," akasema. "Anatazama njia."

"Mtu mzima?" mzee akauliza. Treni ikaja, ikapita, vikombe vikatetemeka kwenye trei. "Ah, ndiyo," akasema mwishowe. "Sasa lazima awe mtu mzima. Ameniona?"

"Amekuona."

"Amekasirika?"

Katika miaka minne ya upapasi hakuna mtalii aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Hapana, Anko," alisema. "Hata kidogo."

Mzee akajivuta juu ya mto. Akavifunga vifungo vya pajama mpaka cha shingoni, akazilaza nywele kwa kiganja. Kisha akakunja ngumi, akagonga ubao wa kitanda mara tatu.

"Hodi," akaita, kwa Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka. "Hodi, Mardhiya. N'fungulie. Ile wiki moja n'lokwambia unisubiri imekwisha."

"Baba?" Kalpana akasema kwa Kiingereza. "Lugha gani hiyo?"

Thadei alikuwa ameshaitikia. "Karibu."