Amri Iliyowekwa kwa Mama

Taa za korido ya hospitali zilijizima zenyewe, na fundi wa programu akajipigia makofi peke yake ofisini.

Tangu asubuhi alikuwa hatulii kitini. Mkurugenzi alitaka taa zinazowaka bure zijizime. Fundi akaona uvivu kuandika amri ileile kwa kila taa, akaiandika mara moja tu kwenye darasa mama, kile kipande cha msimbo ambacho vifaa vyote vya jengo hurithi tabia zake, kama watoto wanavyorithi pua ya mama yao. Kifaa kisichoguswa kwa muda, kijizime.

Ndipo feni iliyo juu ya kichwa chake ikaanza kulegea.

Akainua macho. Mapanga yalizunguka polepole, mpaka akaliona vumbi lililoganda kwenye kingo zake. Yakasimama. Mbona hakuandika lolote kuhusu feni?

Lakini feni nayo ni mtoto wa mama yuleyule.

Friji ya chanjo ya chumba cha pili ikakohoa, ikanyamaza. Akairukia kibodi ili aifute amri ile. Nenosiri likakataa, akalirudia, likakataa tena.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, muuguzi wa wodi ya watoto njiti.

"Mdogo wangu, ndiyo kwanza naingia zamu," dada alisema kwa furaha. "Ahsante jamani, hatimaye mmezitengeneza mashine za joto za wanangu! Leo hazingurumi hata kidogo."