Mwiko wa Mama Anyosisye

Nilikuwa nimemeza tonge la kwanza la wali nilipoziona vizuri mboga za maboga. Zilikuwa nzito, na rangi ya mawese haikuwepo.

"Mama, leo humu umeweka nini?"

Wateja wa meza zote wakaacha kula. Huku Matema mpishi haulizwi swali hilo mbele za watu. Ni kama kumwambia amekutilia sumu.

Mama Anyosisye, anayenilisha kila siku ya soko, alisogea mezani kwangu. Alichota mboga kwenye sahani yangu kwa ncha ya mwiko wake, akala watu wote wakitazama.

"Haya, nimetangulia mimi. Nimekufa?"

Kwenye pembe ya mdomo wake ilibaki chembe nyeupe. Sikuweza kuacha kuitazama.

"Hiyo ni karanga?"

"Mawese hayajaletwa, nikatwanga karanga. Kila mtu amesifu."

"Chakula chako ni kizuri, mama. Mwenye shida ni mimi. Nikila karanga koo linavimba, nakosa pumzi."

Hasira ikamtoka usoni. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akainama kama anayesimuliwa habari za nchi ya mbali.

"Hata kidogo tu?"

"Hata hiyo iliyo mdomoni mwako."

Akaifuta kwa kidole, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akaugeuza mwiko mkononi, upande huu na upande ule.

"Mwanangu," alisema polepole, "wali wako nimeupakua kwa huuhuu wa mboga."