Jiwe la Shangazi Nguchiro

Mnanidai hadithi na vyombo havijaoshwa. Haya.

Kakakuona alilelewa na Shangazi Nguchiro, aliyeyaona magamba yake kuwa uchafu. Kila asubuhi alimsugua kwa jiwe ili alainike kama nguchiro wengine, hata mengine yakang'oka. Kakakuona alivumilia mpaka utu uzima, akijiona nguchiro aliyeharibika.

Siku moja Mhanga mganga akamgeuza huku na huku akimpima, akamwambia, "Wewe ni kakakuona. Hayo ni magamba."

Shangazi akashika kichwa. "Masikini mwanangu, kumbe mgonjwa."

"Mgonjwa wapi, Shangazi? Kinachoniuma ni jiwe lako. Kumbe mimi ni kakakuona mzima, sikuwa nguchiro mbovu hata siku moja."

Akalitupa jiwe mtoni, akatembea na magamba yake wazi. Shangazi naye akalipia kosa lake: kila asubuhi alimpaka mafuta, gamba kwa gamba, mpaka aliyoyang'oa yote yakaota upya.