Shuti la Tatu

Mabeki wote wanne wa timu ya wasichana chuoni walikuwa wanamaliza masomo. Desturi yao ilikuwa hii: anayetaka kurithi jezi ya beki husimama kwenye mstari wa goli, na mwenye jezi humpigia mashuti matatu. Akikwepa hata moja, ameikosa.

Msichana aitwaye Sikudhani alishapokea mawili, pua inavuja damu. Mama yake, Bi Hidaya, akaingia uwanjani.

"Inatosha! Nyie mnaondoka zenu, mimi mnaniachia kilema?"

"Mama, kwani na wewe unataka namba?" Zamda, mwenye jezi, akatania. Wenzake wakacheka.

"Mama, toka," Sikudhani akasema. "Msimu ujao nani atazuia?"

"Nakuonya, mwanangu. Leo pua. Goti likishakwenda, halirudi."

"Goti ni langu, mama. Sitoki."

Bi Hidaya akamfuta damu kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama anayemkomoa. Kisha akajifunga ile kanga kiunoni, akasimama palepale, bega kwa bega na bintiye.

"Haya, wewe mcheshi. Piga!"

Zamda akarudi nyuma hatua tano, akaanza kukimbia.