Mkojo wa Kuazima

Gerson alisimama kwenye foleni ya zahanati, chupa yenye uvuguvugu ameibana kwapani, mkono umeganda ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Mkojo uliokuwamo haukuwa wake.

Alikuwa fundi wa kupiga rangi magari katika gereji moja ya Ngarenaro. Watafiti walikuwa wamekuja kuwapima mafundi wote, waone kama kemikali za rangi zimewaachia dalili za saratani ya kibofu. Hans, mwenye gereji, alishatangaza: atakayekutwa na tatizo atapumzika nyumbani. Na mapumziko ya Hans hayana kurudi.

Kwa hiyo asubuhi ile Gerson alimfuata mkewe, Vaileth, nyuma ya nyumba yao huko Lemara. Alimkuta ameinamia beseni, anasugua ovaroli ya mume kwa thina, ile kemikali ya kuyeyushia rangi, kama kila Jumamosi, mikono mitupu mpaka viwikoni.

"Mama Blessing, niazime mkojo."

"Wenzako wanaazima chumvi."

"Chumvi haimfukuzishi mtu kazi. Wewe umekulia mlimani kwa loshoro na ndizi, gereji huijui hata mlango. Huko ndani mwako kutakuwa na sumu gani?"

"Na wakikuta una mimba, baba Blessing?"

"Naomba likizo ya uzazi!"

Vaileth alicheka mpaka akashika kiuno. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaichukua chupa.

Wiki kadhaa zikapita. Siku Daktari Pudensiana wa zahanati ile alipomwita kuchukua majibu, Gerson alikwenda akipiga mluzi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, baba. Kaa." Akafunga mlango mwenyewe. "Hebu niambie, msasa ukisugulia gari sana unakuwaje?"

"Unaisha makali. Unautupa."

"Chembe za mwili nazo ni hivyo. Kila zikijigawa zinalika kidogo, mwisho zinastaafu. Sasa kuna kimeng'enya kinaitwa telomerasi. Kazi yake ni kuzirudishia makali. Kikiamka pasipotakiwa, chembe mbovu hazistaafu tena. Zinazaana tu."

"Msasa usioisha!" Gerson akapiga goti lake. "Nielekeze duka, daktari, nitajirike."

Daktari hakucheka.

"Tumekikuta kwenye chupa yako, baba. Kwa wingi. Na chembe zenyewe mbovu tumeziona."

Gerson alibaki na meno nje, kicheko kimekatika.

"Mmechanganya chupa."

"Kila mtu husema hivyo. Tumerudia kupima."

"Haiwezekani. Hiyo chupa... daktari, hiyo chupa ni safi."

"Najua inauma." Daktari alisogeza kiti, magoti yao yakakaribia kugusana, sauti yake ikashuka. "Lakini sikiliza. Inaonekana ni mapema bado. Tukiingiza kamera kwenye kibofu wiki hii, tukakuta uvimbe mdogo tukautoa, kupona kupo. Wanaotuponyoka ni wale wanaonyamaza. Kwa hiyo usiende kujifungia na hofu peke yako. Unaye mtu nyumbani wa kukushika mkono?"

Gerson alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu, utani haukuja.

"Ninaye," alisema. "Ila wa kushikwa mkono ni yeye."